Tano Iliyogeuka Saba

Vijana wa karakana, mmenisumbua tangu siku ile ya kuniaga: "Mama Aika, andika. Mama Aika, usiondoke na vitu kichwani." Haya, naandika. Ila msitegemee kusoma nilivyopanda cheo, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na mfagiaji, na mimi nilivishika vyote kwa pamoja. Nitawaandikia kazi. Na zaidi nitaandika ile iliyonivuruga kichwa, kwa sababu zile nilizozielewa hazina cha kusimulia.

Nilianza wakati biashara imefunguliwa na maduka ya Arusha yamejaa bidhaa kutoka kila pembe, nzuri na mbovu zimelala rafu moja. Karakana ilikuwa chumba kimoja Daraja Mbili, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Siku yangu ya kwanza aliingia bwana mmoja kabeba printa begani kama gunia la mahindi. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akasema, "Basi nitarudi akifika." Na kweli alirudi, akarudi tena, mpaka akachoka kumsubiri huyo mwanaume asiyekuwepo. Printa yake nikaitengeneza. Ilikuwa imemeza klipu ya karatasi.

Aliyenifundisha ni Mzee Shayo, ambaye alikuwa ametunza mashine za ofisi za serikali tangu enzi zile mashine moja inakaa peke yake kwenye chumba chenye feni, na watu wanavua viatu kuingia. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, brashi ya kupaka rangi kwa ajili ya vumbi la hapa kwetu, na kifutio cha penseli cha kusugulia meno ya kadi za kumbukumbu. Mkinicheka kwa hicho kifutio nitawauliza ni mashine ngapi mmezitupa ambazo zilitaka kusuguliwa tu. Alikuwa haelezi kitu mara mbili. Ukimuuliza tena alikuwa anakuangalia kwa huruma, na ile huruma yake ilikuwa inaudhi kuliko tusi.

Somo lake kubwa lilikuwa la chipu ya tisa. Kadi za kumbukumbu za mashine zake za zamani zilikuwa na chipu tisa. Nane zilikuwa za kazi, na ya tisa kazi yake ilikuwa kuchunga zile nane. Ikiona hesabu hazikubaliani, mashine inasimama palepale na kugoma, hata kama bosi amekaa hapo na haraka zake. Watumiaji walikuwa wanaichukia. Sasa zikaanza kuingia kadi za bei nafuu, ndogo, zinang'aa. Mzee Shayo akazihesabu chipu kwa ncha ya bisibisi, akazihesabu tena, akaniambia, "Ya tisa wameila." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi ukaja msimu mmoja wa kahawa, baridi ya Arusha ya katikati ya mwaka imekaza, tukaitwa Themi, kwenye kampuni moja iliyokuwa inanunua kahawa ya wakulima wa mlimani na kuiuza nje. Meneja alisema kompyuta ya chumba cha kuonjea inaganda ganda na programu zinakufa zenyewe. Mzee Shayo miguu ilikuwa inamsumbua, nikaenda mwenyewe.

Kwa asiyejua chumba cha kuonjea: ni meza ndefu ina vikombe vimepangwa, kila kikombe na kahawa ya shamba lake, na ndoo ya kutemea. Mwonjaji anapita na kijiko, anavuta kahawa mdomoni kwa mlio wa kutisha, anatema, anataja namba kwa sauti, kuanzia moja mpaka tisa. Zamani alikuwa anaandika mwenyewe kwa penseli. Meneja, kwa kupenda usasa, akasema penseli basi. Mwonjaji ataje, karani achape moja kwa moja kwenye kompyuta, na mwisho wa siku itoke karatasi safi.

Karani alikuwa binti mmoja wa Kimeru anaitwa Anaeli, mchangamfu, vidole vyepesi, na usafi wa kupitiliza. Mwonjaji alikuwa Mzee Kaaya, wa hukohuko mlimani, mwenye kahawa na migomba yake, mzee wa kanisa. Kazi ya kuonja aliianza akiwa kijana. Kwa ajili ya ulimi wake nyumbani kwake hawakula pilipili wala kitunguu saumu, wala hawakuogea sabuni ya harufu kali. Familia nzima ilikula chakula cha mgonjwa miaka yote hiyo, jamani, na hakuna aliyelalamika mbele yake.

Nilipofika nilipokewa vizuri mno. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefutwa vumbi, inang'aa. Chai ya maziwa ikaja, na ndizi za kuchoma. Huwezi kukataa chai ya watu. Tukaongea habari za mvua na za nyumbani, ndipo nikaiwasha mashine na kuipima kumbukumbu kwa programu ya majaribio. Safi. Nikarudia. Safi kabisa. Nikabadilisha kibodi, nikakagua waya wa umeme, nikaondoka kichwa kinaniwanga.

Mzee Kaaya akanifuata mpaka getini.

"Shikamoo baba," nikamwambia, maana ndani tulisalimiana kwa haraka.

"Marahaba mwanangu. Hebu subiri kidogo." Akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Hiyo mashine inaweza kubadilisha namba?"

"Namba gani, baba?"

"Wanunuzi wanarudisha maneno. Kikombe karatasi inasema saba, wao wakionja wanapata tano. Meneja anasema nimezeeka ulimi. Msimu ukiisha ataleta mtu mwingine." Akashusha sauti. "Kuondoka siogopi, nina migomba yangu. Ninachotaka ni kujua. Kama ulimi umekufa niambiwe umekufa. Nisikae nyumbani nikijiuliza mpaka naingia kaburini."

"Wewe unakumbuka ulisema tano?"

"Meza nzima ya vikombe, mwanangu! Nani atakumbuka?"

Nikamuuliza Anaeli naye, akasema kwake namba zinaingia masikioni na kutokea vidoleni, katikati hazikai. Kwa hiyo hapakuwa na shahidi. Nikamwahidi Mzee Kaaya nitalitafuta jibu. Niliahidi kwa sauti kubwa kuliko nilichokuwa nakijua.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa rasmi. Niliuweka mfumo mwingine wa uendeshaji kwenye ile kompyuta, ule wa bure, kwa sababu kiini chake, keneli kama tunavyoiita, hakikuwa kimya. Programu ikifa, keneli inaandika imefia kwenye anwani ipi ya kumbukumbu. Nikasema hapa nimemkamata. Nikija, Anaeli ananisomea anwani zilizotokea. Jumatatu anwani hii, Jumatano ile, Ijumaa nyingine kabisa, mbali kama Usa River na Monduli. Nikazifukuza zote. Kila nikipima mashine, safi! Niliota zile tarakimu. Mume wangu alinisikia nazitaja usingizini, akauliza kama ni namba ya simu ya mtu.

Mzee Shayo alinisikiliza nikimlalamikia, akauliza swali moja: "Hiyo ni anwani ya nani?" Nikasema ya kumbukumbu. Akasema, "Ya programu," akaendelea na uji wake.

Ilinichukua muda kuelewa. Nyumba niliyokuwa nimepanga Sokon One ilikuwa na namba tatu mlangoni: ya watu wa maji, ya watu wa umeme, na nyingine ya chaki ya zoezi ambalo hakuna aliyelikumbuka. Sasa ukija na namba ya watu wa maji ukaitafuta kwenye karatasi za watu wa umeme, utagonga mlango wa jirani. Keneli inafanya hivyohivyo. Kila programu inapewa namba zake za milango, na kiwanja chenyewe, ile chipu halisi, keneli peke yake ndiyo inajua ni kipi. Kesho inaweza kuihamishia programu kwenye viwanja vingine bila kuiambia. Nilikuwa nafukuza milango, ubovu uko kwenye kiwanja. Sawa, nimeelewa. Lakini ile programu ya majaribio inapima viwanja vyenyewe, na ilikuwa inasema vyote ni vizima! Nikarudi palepale, nimechanganyikiwa kwa elimu zaidi.

Msimu ukawa unaelekea ukingoni. Meneja alikuwa ameshaanza kuulizia mwonjaji mpya, na mbele ya watu alikuwa anamwita Mzee Kaaya "mzee wetu" kwa sauti ile ya kumsindikiza mtu. Mzee wa watu alikuwa amekonda. Niliumia, na hasira yangu yote ikaishia kwa kile kiboksi.

Siku moja nilikuwa napeleka printa ofisi ya jirani yao, mvua ikanikuta njiani, nikakimbilia pale bila taarifa. Ndiyo mara ya kwanza naingia chumba kile bila kutegemewa. Na nilichokiona, Mungu wangu! Kompyuta inafanya kazi, imevalishwa kitambaa kizito cha kufuma, cheupe chenye maua ya waridi, kimefunika mpaka nyuma kwenye feni. Juu ya kitambaa kuna mtandio wa sufu. Nikaweka mkono. Ungeweza kuanikia soksi pale.

Anaeli akaruka kwenye kiti. "Lo! Fundi, mbona hukusema unakuja? Ngoja niizime!"

"Usizime! Usiguse kitu!"

"Jamani, haijafutwa hata vumbi—"

"Anaeli. Nikija huwa unafanyaje?"

Akanishangaa. "Si naizima mapema ipumzike, naivua kitambaa, naifuta? Fundi ni mgeni. Utamkaribisha mgeni kwenye mashine inayotoa jasho?"

"Na hicho kitambaa?"

"Baridi hii, dada yangu. Na vumbi. Hata redio ya nyumbani tunaifunika."

Nikakaa chini. Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Kila nilipokuja waliipoza kwa heshima yangu, na nikanywa chai mpaka mashine ikapoa kabisa, kisha nikaipima ikiwa baridi. Ugonjwa wake ulikuwa wa joto. Chai ile sikuikataa hata siku moja.

Nikaiacha na kitambaa chake, nikawasha programu ya majaribio. Haikupita muda mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye kioo. Palikuwa na sehemu katika kumbukumbu ambapo biti moja, yaani kijumba cha kushika moja au sifuri, ileile, ya pili kutoka kulia, ikipata joto inang'ang'ania kuwa moja hata ukiandika sifuri. Kadi zile hazikuwa na chipu ya tisa, basi hakuna aliyepiga kelele.

Mngedhani nimemaliza. Thubutu! Kadi zilikuwa mbili, na anwani mbovu ilikuwa nusu ya juu, kwa hiyo nikachomoa kadi ya pili. Nikapima. Ubovu bado upo, ila sasa umehamia nusu ya chini! Nikaamini kadi zote ni mbovu. Nikaamini na mimi ni mbovu. Kumbe bodi ile ilikuwa inahesabu matundu yake kutoka upande mwingine, nimechomoa nzima, mbovu ikabaki peke yake na kushika nafasi ya chini. Nilikuja kuligundua hilo baada ya kuzichomoa na kuzirudisha mpaka Anaeli akaniletea kiti kingine, akidhani kile kinaniumiza.

Ndipo nikachukua kalamu na kuandika tarakimu jinsi mashine inavyozihifadhi. Nne na sita zinatofautiana kwa biti moja tu, ni ileile ya pili kutoka kulia. Tano na saba vilevile. Mbili, tatu, sita na saba tayari zina moja pale, haziguswi. Na nane? Nane ikipigwa hapo haiwi namba tena, inakuwa nuktapacha.

"Anaeli, umewahi kuona nuktapacha mahali pa namba?"

Akainamisha kichwa. "Mara nyingi tu. Nilidhani kidole kimeteleza. Nilikuwa nafuta, naweka nane, maana kahawa nzuri Mzee huipa nane. Tisa hajawahi kumpa mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Niwaambie wageni kwamba sijui kuchapa?"

Nikaenda kumwita meneja na Mzee Kaaya. Nikawasimamisha mbele ya mashine, kitambaa kikiwa juu yake, nikamwambia Anaeli, "Chapa tano tupu. Kurasa na kurasa, usichape kingine." Akachapa, sote tunaangalia vidole vyake. Kisha nikamwambia azitoe kwenye printa. Karatasi zikatoka, tano, tano, tano, na katikati yake, zimekaa kwa raha zao, saba. Hapa saba, pale saba. Nikamwambia achape nane. Nuktapacha zikatoka.

Meneja akazigeuza karatasi, akazigeuza tena. Nitamsifu kwa hili, hakuzunguka. Akamshika Mzee Kaaya mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, nisamehe. Ulimi wako mzima. Ni mashine." Anaeli akaanza kulia, akisema ni kitambaa chake, mama yake ndiye alikifuma. Nikamwambia kitambaa hakina kosa, kosa ni la kadi, akakitumie nyumbani kwenye redio. Mimi mwenyewe, niwaambie ukweli, nilikuwa najisikia kama nimeshinda vita. Kadi yenye chipu tisa haikupatikana mjini, na kumbukumbu waliihitaji yote, kwa hiyo nikaiamuru keneli isimpe mtu yeyote kile kipande kibovu, wakati wa kuwaka iruke pale kabisa. Nikaipima na joto lake. Tano ikabaki tano. Mkitaka kujua amri yenyewe, imo kwenye mafaili ya karakana, ingawa mashine zenu za leo zitaicheka.

Mzee Kaaya alikuwa ameshika ile karatasi ya tano, kidole chake kiko juu ya saba mojawapo. Meneja alipotoka, akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Fundi."

"Naam, baba."

"Wanunuzi walipolalamika mara ya kwanza, sikumwambia mtu. Nilichukua kahawa ileile nikaipika upya. Karatasi yangu nilikuwa nayo mezani, imeandikwa saba. Nikaonja. Ilikuwa saba."

Sikumwelewa. "Ilikuwa saba vipi?"

"Niliisikia saba mdomoni. Utamu wake, uchachu wake, vyote. Nikarudia siku nyingine na kahawa nyingine, karatasi mbele yangu. Saba. Ndiyo maana niliamini ni mimi, kwamba wao wanasikia tano na mimi ulimi wangu unadanganya. Sasa wewe unaniambia mwanzo nilisema tano."

"Ulisema tano, baba. Mashine ndiyo iliyobadilisha."

"Mashine umeniambia, nimekubali, nimeona kwa macho. Umepaona na mahali palipoharibika, umepaziba." Akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Sasa nieleze mimi. Ile saba niliyoisikia mdomoni, ilitoka wapi?"

Nikatafuta katika yote niliyofundishwa, na yote niliyokuwa nimejifunza msimu ule kwa jasho, milango na viwanja na biti. Mpaka leo jibu sijalipata, na nimeshawauliza wenye shahada.

"Sijui, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilohilo. Akainuka, akaenda kwenye meza. Vikombe vya mchana vilikuwa vimeshapangwa, mvuke bado unatoka. Akachovya kijiko kwenye maji ya moto, akakikung'uta, akasimama nacho mbele ya kikombe cha kwanza. Kisha akageuka, akamnyooshea Anaeli kile kijiko, ambacho sikuwahi kusikia amempa mtu.

"Onja wewe kwanza," akamwambia. "Halafu usiniambie mpaka nami nitaje yangu."